Profesa wa Saa ya Mwili

Shingo ndiyo iliyompeleka Profesa kwenye duka la dawa siku ya Jumanne, wala si biashara. Hilo tuliseme mapema na kwa heshima zote, maana mambo ya kweli katika habari za mtu huyu si mengi, na ni vizuri kuyaokota yanapoonekana.

Miezi minane alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake. Kochi lenyewe ni la watu wawili, na yeye ni mtu wa futi sita na ushei. Kichwa kililala kwenye mkono wa kochi, kiuno kikaning'inia katikati, na miguu ikawekewa stuli ya jikoni. Kila alfajiri watoto wa dada yake walikuja kuchukua stuli yao ili wanywe chai, miguu ikaanguka sakafuni kwa kishindo, na hivyo ndivyo mjomba wao alivyokuwa akiamshwa. Usingizi mzuri alikuwa amesahau hata ladha yake.

Na sasa hata hilo kochi lilikuwa linamponyoka. Jumatatu jioni dada yake alimwambia, huku anakunja nguo, bila kumtazama usoni:

"Jumamosi mama mkwe anakuja. Atakaa mpaka achoke."

"Atalala wapi?"

"Hapo ulipokaa."

"Dada, mimi ni ndugu yako wa damu."

"Nakupenda, kaka yangu. Lakini mimi nimeolewa."

"Basi nipe hata varanda."

"Varandani kuna baiskeli ya shemeji yako."

"Itolewe baiskeli."

"Baiskeli inaleta pesa nyumbani," dada yake alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo Jumanne hiyo Profesa alikuwa na shingo iliyopinda, siku nne mkononi, na haja moja tu duniani: kitanda. Kitanda cha kunyoosha miguu, ndani ya chumba chenye mlango, na ufunguo wa mlango huo mfukoni mwake. Hakutaka gari wala shamba. Mashamba aliyajua vizuri. Aliwahi kuuza shamba moja kwa watu watatu, na lenyewe lilikuwa mali ya mtu wa nne.

Jina la Profesa nalo hakulipata chuoni. Alilipata kwenye miwani, ambayo vioo vyake vilikuwa vioo vya kawaida kabisa, lakini akiishusha puani na kumtazama mtu kwa juu yake, mtu huyo alijiona hakusoma.

Alikuwa wa pili kwenye foleni. Mbele yake alisimama fundi wa kuchomelea vyuma, baba mmoja mwenye mabega mapana, akimnong'oneza mwenye duka. Mwenye duka alikuwa mama mdogo wa umbo, koti jeupe, sauti ya upole. Fundi alidhani ananong'ona. Watu waliozoea kelele za vyuma hawajui kunong'ona.

"Dada, tangu nianze hizi vitamini, usingizi umehama nyumba. Nageuka huku, nageuka huku, mpaka mke wangu kahamia kwa watoto."

"Unakunywa saa ngapi?"

"Jioni, nikipanda kitandani."

"Basi hamishia asubuhi, baada ya chai. Mwili una saa yake ya ndani, baba. Inajua wakati wa kuamka na wakati wa kulala. Hizi vitamini za kundi B, wapo watu wakizinywa jioni zinawachangamsha. Si wote. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini asubuhi hakuna hasara."

Fundi akainama zaidi, akanong'ona mpaka chupa za rafuni zikatikisika. "Na ile... haja ndogo. Imekuwa ya manjano, dada! Manjano ya kung'aa! Mimi nimeogopa."

"Usiogope. Ni vitamini iliyozidi, mwili unaitoa."

Profesa akasahau shingo. Mwili una saa. Kidonge kinaigusa saa. Na ushahidi, kesho yake asubuhi, unautoa mteja mwenyewe kwa macho yake mawili! Miaka yote ya kazi yake alikuwa akihangaika kutafuta mashahidi, kuwalipa, kuwafundisha cha kusema. Leo amepata biashara ambayo shahidi anatoka ndani ya mteja.

Karibu na mlango palikuwa na katoni ya vidonge hivyo hivyo, muda wake wa matumizi umebaki miezi mitatu, bei imekatwa kwa kalamu nyekundu mara mbili. Profesa alisema anaichukua katoni nzima, kwa ajili ya kituo cha wazee. Pesa hakuwa nayo. Alivua saa ya mkononi, ya rangi ya dhahabu, akaiweka kaunta kama dhamana.

"Inatembea?" mwenye duka aliuliza.

"Inakimbia, dada."

Mama yule aliitazama saa, ambayo ilikufa mwaka jana saa nne kasorobo. Akamtazama na mtu mwenyewe. Halafu akamsogezea katoni. "Kimoja kwa siku, asubuhi, baada ya kula," alisema. "Uwaambie wazee wako."

Jioni ile, juu ya meza ya dada yake, chupa zote zilivuliwa karatasi zake na kuvishwa mpya, zilizoandikwa kwa kalamu za rangi za watoto: SAA-BORA, DAWA YA KUNYOOSHA SAA YA MWILI. Chini yake alichora jua. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni, aliacha maagizo yale yale ya kimoja asubuhi baada ya kula. Profesa hakuwahi kumdhuru mteja mwilini. Alikuwa anawadhuru mfukoni tu.

Wa kwanza, usiku ule ule, alikuwa kinyozi wa pale kwenye kona, mtu wa kusinzia na wembe mkononi, jambo ambalo wateja wake hawakulipenda.

"Saa yako ya mwili inachelewa," Profesa alimwambia, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja na miwani puani. "Nakutazama tu nakuona. Inachelewa kama masaa mawili na robo."

"Umejuaje?"

"Masikio. Tazama masikio yako yalivyo."

Kinyozi alijitazama kwenye kioo upande huu na upande huu, akaona kweli, masikio hayakuwa sawa. Hayakuwahi kuwa sawa maisha yake yote, lakini hakuna aliyewahi kumweleza sababu.

"Sasa nitajuaje kama dawa imefanya kazi?"

"Kesho asubuhi, ukishakunywa, subiri kidogo. Ukienda msalani, utaona jua linachomoza."

Siku ya pili kabla ya saa nne, mtaa mzima ulisikia mlango wa choo cha nyuma ukifunguka kwa teke na kinyozi akitoka mbio, mkono mmoja umeshika suruali na mwingine umeinuliwa juu. "Imeshika! Jamani, imeshika! Limechomoza!" Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walitaka kwenda kuona kwa macho yao, na kinyozi, mtu mkarimu, aliwaruhusu. Hadi adhuhuri chupa kumi na moja zilikuwa zimeondoka. Profesa alicheka peke yake njia nzima. Lakini chupa kumi na moja si kitanda, na Jumatano ilikuwa inakwisha.

Alhamisi asubuhi akaitwa na Mama Mashine.

Huyu alikuwa na karakana ya ushonaji, cherehani ishirini na mbili ghorofa ya chini, sare za shule na za hospitali zikitoka hapo kwa magunia. Mama mwembamba, utepe wa kupimia shingoni kutwa, na bahili ambaye sifa zake zilimtangulia. Inasemekana nyuzi zilizodondoka sakafuni zilifagiliwa, zikafungwa mafundo, zikarudi kazini. Juu ya karakana palikuwa na chumba kimoja kitupu. Profesa alikijua chumba hicho. Kwa wiki tatu alikuwa akikitazama akipita, dirisha lake pana na mapazia yake ya bluu, kama wanaume wengine wanavyomtazama binti wa watu.

Na karakana hiyo ilikuwa na utaratibu wake, uliobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: UKISAINI VIPIMO VYAKO, NGUO IKIKUBANA NI SHAURI YAKO. Mteja alipimwa, vipimo vikaandikwa kwenye kadi, akasaini. Bwana harusi mmoja aliwahi kubana pumzi wakati wa kupimwa kiuno, ili aonekane kijana. Suti ikapasuka kanisani. Alipokuja kufoka, Mama Mashine alimletea kadi yake tu, na bwana harusi akalipia suti ya pili.

"Wewe ndiye mtu wa saa?" Mama Mashine aliuliza.

"Mtaalamu, mama. Watu wa saa wanabadilisha betri kule sokoni."

"Nasikia unafupisha usingizi."

"Siufupishi. Ninaukaza. Usingizi wa watu wengi umelegea, mama, ni kitambaa ambacho hakijaguswa na maji. Ukikifua kinasinyaa. Masaa manane yanasinyaa yanakuwa matatu, lakini uzito wake ni ule ule."

Macho ya Mama Mashine yalimeta. Alitazama cherehani zake ishirini na mbili, akatazama saa ya ukutani, na Profesa aliona kabisa akizidisha masaa kwa mafundi. Mtu mwenye tamaa, alisema moyoni, hana haja ya kushawishiwa. Unamfungulia mlango tu.

"Na wewe mwenyewe unalala mangapi?"

"Matatu."

"Tangu lini?"

"Miaka saba, mama."

Mama Mashine alivuta kadi ya vipimo na kalamu. "Endelea. Kila anayeingia hapa namwandika. Ndio utaratibu wetu. Hayo masaa mengine unafanya nini?"

"Nasoma. Natafakari. Wakati mwingine nakaa tu kwenye kiti, natazama giza, macho makavu."

"Husinzii?"

"Kusinzia? Hata sikumbuki kunaanzaje."

"Na baridi ya usiku?"

"Damu yangu inachemka taratibu usiku kucha. Ni vidonge hivyo."

"Giza huliogopi?"

"Giza ndilo linaniogopa mimi, mama," Profesa alisema, na kwa kweli alijipenda sana wakati huo.

Mama Mashine aliandika yote, mstari kwa mstari, akamgeuzia kadi. Profesa akasaini kwa mbwembwe, mkia wa saini ukafika pembeni mwa karatasi.

Bei ilipofika, aliweka mkono kifuani. Pesa, alisema, ni mambo ya wachuuzi. Yeye alihitaji mahali pa kufanyia utafiti karibu na mafundi. Kile chumba cha juu, kwa mfano. Mwaka mmoja, bila kodi, naye atatoa dawa kwa karakana nzima.

Mama Mashine alishika shavu. "Kile chumba nimeshamwahidi mtu."

"Mtu huyo ananyoosha saa za watu?"

"Hapana."

"Basi!"

Alinung'unika, akazunguka meza, akapima dirisha bila sababu, mwisho akasema kwa unyonge kwamba haya, na atatia kitanda na godoro jipya, maana mtaalamu hawezi kulala chini. Profesa aliposikia godoro jipya ilibidi ashike ukuta.

Ijumaa mchana cherehani zilizimwa dakika ishirini ili mtaalamu aongee na mafundi. Walikaa kimya na adabu, wanawake kwa wanaume, chupa za SAA-BORA mbele yao. Profesa alieleza saa ya mwili, mishale yake, kengele yake, jinsi inavyokaa nyuma ya kitovu ikitazama kulia. Akauliza kama kuna swali.

Fundi mmoja, mama wa kushona mifuko ya mashati, alinyoosha mkono. "Mimi nina mtoto wa miezi mitano. Masaa matatu ndiyo ninayolala sasa hivi. Nikinywa hiki nitabaki na mangapi?"

Profesa alikohoa. "Wewe, mama mtoto, kunywa nusu."

Akasimama mkataji, mzee wa mkasi mkubwa na chaki sikioni. "Profesa, mimi sina ubishi. Nauliza tu. Haya masaa matano nitakayookoa kila siku, yanatunzwa wapi?"

"Yanarudi kwenye maisha yako, mzee wangu."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Ahsante. Nilikuwa na wasiwasi yasije yakarudi nyuma nikaanza tena shule." Mzee akakaa. Mafundi wote wakainamisha vichwa kwa pamoja, mabega yakiwatikisika. Profesa akadhani wameguswa. Mtu akizoea kudanganya watu hujifunza kusoma nyuso za kila namna, isipokuwa za watu wanaomdanganya yeye.

Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Profesa, ambaye maisha yake yote aliwaambia wateja wake kwamba maandishi madogo ni urembo wa karatasi, aliamini maneno yake mwenyewe. Alitafuta mahali palipoandikwa chumba, akapaona, alitafuta godoro, akaliona. Nyuma yake palibandikwa ile kadi ya jana.

"Hii ya nini?" aliuliza.

"Mkataba bila vipimo nitaujuaje ni wako?"

Jibu lilimridhisha. Tena kwa hofu kwamba bahili huyu atabadili nia usiku, aliomba kalamu, akasaini, akaongeza kwa mkono wake kifungu cha ukarimu pale chini: *Mpangaji atatoa ushauri wa bure kwa kila fundi baada ya saa za kazi.* Mama Mashine alisoma kifungu hicho mara mbili, akageukia dirishani kwa muda mrefu, akijifuta macho kwa ncha ya utepe.

Jumamosi asubuhi Profesa alipishana na mama mkwe mlangoni, yeye akitoka na begi moja, mama mkwe akiingia na matatu. Alimpokea mizigo, akamwonyesha kochi kwa mkono mkunjufu. "Karibu sana, mama. Ni kochi zuri, ila mwombe Mungu akupunguzie miguu."

Saa moja kamili alifungua mlango wa chumba chake. Godoro lilikuwa bado na nailoni. Aliichana, akavua viatu, akajilaza chali. Miguu ilifika mwisho wake na kitanda kikabaki! Alitaka kulia. Akafumba macho. Ndipo chini yake, kwa pamoja, cherehani ishirini na mbili zikawashwa.

Sakafu ilinguruma. Kitanda kilianza safari kutoka ukutani kwenda dirishani, polepole lakini kwa nia. Meno yake yaligongana. Alishuka ngazi akijishika taya, akamuuliza mkataji hizi mashine zinazimwa saa ngapi.

"Kumi na mbili jioni, Profesa. Wewe mchana unalala? Si unatafakari?"

"Natafakari," alisema Profesa, akapanda tena. Si neno, alijifariji, usiku ni wangu. Kutwa nzima alikaa juu ya kitanda kinachotembea, akakirudisha ukutani mara sita, akiusubiri usiku huo kwa hamu ya bwana harusi.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Mashine, na mikononi mwake koti zito, tochi, filimbi na rungu. Nyuma yake alisimama mlinzi wa karakana, mzee aliyelinda pale kwa muda mrefu kuliko cherehani zenyewe, begi begani, meno yote nje kwa furaha.

"Mzee anastaafu leo," alisema Mama Mashine. "Amekuja kukukabidhi."

"Kunikabidhi nini?"

"Kifungu cha nne." Akafungua mkataba na kusoma kwa sauti ya kupima kitambaa, bila haraka. Mpangaji atalinda karakana kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, badala ya kodi. Akageuza ukurasa, akafika kwenye kadi. Hasinzii. Hasikii baridi. Giza linamwogopa. Amesaini mwenyewe.

Profesa alitazama rungu, akatazama godoro. "Sasa mimi nitalala saa ngapi?"

"Tumekutengea. Kumi na mbili jioni, mashine zikizimwa, mpaka saa tatu usiku. Matatu kamili. Sijakupunja hata dakika."

"Mama, ile kadi... yale yalikuwa maneno ya kitaalamu tu. Binadamu gani analala masaa matatu?"

"Yaani uliniongopea?"

Chini cherehani zilikuwa zimenyamaza. Ngazi nzima ilikuwa imejaa mafundi, na kila fundi ameshika mkasi wake, pengine kwa sababu tu alikuwa ameacha kazi ghafla. Katikati yao alipanda mama mdogo wa umbo, koti jeupe, na saa ya rangi ya dhahabu inaning'inia kidoleni.

"Mdogo wangu," Mama Mashine alisema, "mnafahamiana."

Profesa akakaa kitandani. Mji mzima, maduka yote ya dawa, na yeye akaenda kuchukua mzigo kwa mdogo wake Mama Mashine! Hilo ni kosa la mgeni, na yeye hakuwa mgeni. Mahali ambapo kila mtu ni shangazi wa mtu, huwezi kumtapeli mmoja ukawaacha wengine.

"Kinyozi alinionyesha chupa yako kabla ya kidonge cha pili," mwenye duka alisema kwa upole wake ule ule. "Jumatano mchana nikaja kumwambia dada. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye pipa la vitambaa. Nikamwambia, dada, si ulikuwa unatafuta mlinzi? Amepatikana, tena halali. Na hawa mafundi niliwaeleza siku ile ile: vitamini ni vitamini, wenye kutaka wanywe kimoja asubuhi, na usiku walale usingizi wao wote. Hakuna kidonge kinachoweza kulala kwa niaba yako."

Kwa hiyo hata mkataji! Hata mama wa mifuko ya mashati! Profesa aliwatazama mmoja mmoja, na wao wakainamisha vichwa, mabega yakaanza tena.

"Mlango ule pale," Mama Mashine alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Hakuna aliyekufunga. Lakini leo utalala wapi? Jumapili hatushoni, na usiku wake analinda mwanangu. Siku hiyo ulale mpaka ushibe."

Profesa alifikiria kochi, na mama mkwe aliyelala juu yake, na stuli. Alifikiria varanda yenye baiskeli. Akaangalia godoro, jeupe, nene, refu kumzidi yeye. Akanyoosha mkono akapokea filimbi. Mlinzi mzee alimkumbatia kwa nguvu zote, akashuka ngazi akiimba.

Saa kumi na mbili jioni mashine zilizimwa. Ukimya ulioingia ulikuwa mtamu mpaka unauma. Masaa matatu si haba, alijisemea. Watu wamelala chini ya hapo wakaishi. Akajilaza, akanyoosha mguu wa kulia, akanyoosha wa kushoto, shingo ikatoa mlio ikanyooka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Usingizi wenyewe, ule halisi, ulikuja ukamkalia kwenye kope.

Mlango ukagongwa.

"Profesa, tumekuja kwenye ushauri."

Walikuwa wote ishirini na wawili, foleni kuanzia mlangoni hadi chini barabarani, wengine wameshaleta viti na karanga. Kwenye ukuta wa ngazi mkataji alikuwa amepiga hesabu yake kwa chaki, safi kama anakata suti: mafundi ishirini na wawili, dakika nane kwa kila mmoja, jumla masaa matatu kasoro dakika nne. Zile dakika nne, alieleza, ni za mtaalamu kuvaa koti.

Wa kwanza aliingia mama wa mifuko ya mashati na mtoto mgongoni. "Profesa, huyu halali kabisa. Tangu azaliwe. Hebu mwangalie saa yake."

Akamfungua, akamlaza katikati ya godoro jipya. Mtoto alitazama dari, akatazama mapazia ya bluu, akatanua mikono na miguu kila upande, na papo hapo akalala fofofo.

Mama yake aliziba mdomo kwa mshangao, na mshangao huo ulikuwa wa kweli. "Haijawahi kutokea," alinong'ona. "Usimguse. Ukimwamsha utambembeleza wewe."

Akatoka kwa kunyata. Mtoto akakoroma kidogo na kujisogeza, akachukua na ile sehemu iliyokuwa imebaki. Profesa alisimama akimtazama kwa muda, macho mekundu, koti la ulinzi begani. Halafu akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, akavaa miwani yake.

"Aingie anayefuata," alisema kwa sauti ya chini, ili mtoto asiamke.